Mahari Yangu Ilikuwa Chemchemi ya Kijiji

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba. Sijaolewa, sina mtoto, na ninaishi Wang'uru, huko Mwea, ambako nimeajiriwa kupima mchele kwenye duka la mtu. Nimeanza hivyo kwa sababu ndivyo watu wa kwetu Nyeri wanavyoanza wakinisema. Ati ana miaka hiyo yote, hana bwana, aliaibisha babake mbele ya wageni, na sasa anapimia watu mchele wa pishori huko Mwea.

Yote ni kweli! Lakini hawasemi sababu. Wanaruka hapo kama mtu anayeruka tope. Leo sababu nitaisema mimi, na kama nitamkasirisha mtu, basi na akasirike. Mimi nimekasirika muda mrefu na sijafa.

Jina langu ni Wairimu. Ni kifungua mimba, kwa hivyo nilipewa jina la nyanya aliyemzaa baba, kama ilivyo desturi yetu. Ndiyo maana baba hakuwahi kuniita Wairimu. Aliniita Maitu, yaani mama yangu. Hata nilipomwaga maziwa nikiwa mdogo alisema tu, "Maitu, angalia miguu." Sikuwahi kuchapwa na baba. Nataka mjue hilo kabla sijaendelea, ili mjue nilipoteza nini.

Kwetu ni chini kidogo ya Ruring'u, kwenye mteremko unaoshuka hadi mtoni. Mwisho wa shamba letu kuna chemchemi. Iko upande wetu wa mpaka, lakini hakuna aliyewahi kusema ni yetu. Wanawake wa mteremko mzima walichota hapo. Nyanya alipoletwa bibi arusi, kazi ya kwanza aliyopewa na mama mkwe ilikuwa kuteremka na mtungi kwenye chemchemi hiyo hiyo.

Kahawa ilipoanza kumvunja moyo baba, alipanda mikaratusi kuizunguka ile chemchemi yote. Mikaratusi hukua haraka. Wajenzi wanataka nguzo, viwanda vya majani chai vinataka kuni, na lori linakuja hadi shambani. Simlaumu kwa kuipanda. Nani alimwambia mti ule unakunywa kama ng'ombe? Lakini aliambiwa baadaye... aliambiwa na mimi!

Nilipokuwa shule ya msingi, mtungi ulijaa kabla hujamaliza kumsalimu mtu uliyemkuta pale. Nilipomaliza sekondari, ulijaa wakati unasimuliwa harusi nzima, kuanzia keki hadi nani alilewa. Kisha ikafika mahali wanawake wanaacha mitungi kwenye foleni na kwenda kulima, halafu wanarudi kuangalia kama zamu imefika.

Na haikuwa mikaratusi peke yake. Mvua yenyewe ilikuwa imeharibika. Mvua ya njahi, yaani masika yetu, ile aliyoijua baba tangu utoto wake, ile ambayo watu walipanda maharagwe kwenye vumbi wakijua kesho kutwa itanyesha, ilianza kuwadanganya. Ilichelewa mpaka mbegu zikaliwa na mchwa, halafu ikaja yote kwa mchana mmoja na kubeba udongo hadi mtoni. Kahawa ilichanua ikachanua tena kama iliyochanganyikiwa. Rafiki yangu Nyambura, ambaye tumekua pamoja, alipanda mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuuza ng'ambo. Nusu ilisombwa na maji, nusu iliyobaki ikakauka. Msimu mmoja! Nilimkuta ameketi kwenye tuta, mikono kwenye magoti, hata hakulia.

Na mlima wetu je? Sisi tuliokua tukiutazama kila asubuhi tunakumbuka weupe wa theluji yake. Sasa siku nyingi ni mweusi kama sehemu ya chini ya sufuria. Lakini jaribu kusema hivyo mbele ya wazee! Utaambiwa umelishwa maneno na wazungu.

Basi vijana tulianzisha kikundi. Mimi nilikuwa nimesomea mambo ya misitu chuoni, kwa hivyo nikapewa kitalu cha miche. Nilikiweka karibu na chemchemi, nikaotesha mianzi, mikuyu na miti mingine ya asili inayofaa kando ya maji. Visigino vyangu vilipasuka kwa ule udongo mpaka mama akawa ananipaka mafuta ya ng'ombe. Mwenyekiti wetu alikuwa kijana anayeitwa Muriithi.

Muriithi... Hata leo nikiliandika jina hilo mkono unataka kuliandika vibaya.

Alikuwa mrefu, na alikuwa na sauti. Mnajua kuna watu wakisema "habari" unaona kama ni tangazo? Ndiye huyo. Alipenda kupiga simu kwenye vipindi vya redio, vile vya asubuhi ambavyo watu wanabishana kuhusu kila kitu. Mimi nilikuwa namweleza mambo tukijaza udongo kwenye vifuko vya miche: kwa nini chemchemi zinakauka, kwa nini misimu imehama, miti ipi inalinda maji na ipi inayamaliza. Asubuhi inayofuata nayasikia redioni kwa sauti yake, na watu wanapiga kumpongeza. Nilifurahi! Nilimwambia nikicheka, ile sentensi ni yangu. Akasema, "Si sisi ni kitu moja, babe?" Nikaamini.

Tulipendana mwaka na zaidi. Kikundi kizima kilijua tutaoana.

Kisha tukapeleka malalamiko kwa chifu, tukiomba mikaratusi iliyo kando ya chemchemi ikatwe na mianzi ipandwe. Chifu akaitisha baraza kwenye uwanja wa shule. Wasomaji wenzangu, sijawahi kuona baraza lililojaa vile. Watu wazima walikaa upande mmoja kwenye viti vya kanisa, vijana upande mwingine kwenye nyasi, kama timu mbili.

Baba alisimama wa kwanza, na kofia yake ya uzee wa kanisa mkononi. Alisema ameona ukame mwingi maishani, na wote ulikuja ukaenda. "Saa hii mtoto amesoma kwa simu ati dunia inachomeka, anakuja kuniambia nikate miti yangu. Si ni nyinyi mlikuwa mnasema tupande miti? Sasa miti imekuwa mbaya?" Watu walicheka sana. Hata baadhi yetu tulicheka, kwa sababu baba anajua kuongea. Baada yake mhubiri akasema mvua imezuiwa na sketi fupi na bangi, tutubu. Mzee mwingine akasema hayo mambo ya tabianchi ni biashara ya watu wa Ulaya ili tusipate maendeleo.

Muriithi akajibu. Aliunyooshea mlima mkono akauliza theluji imeenda wapi, na kama imeondoka kwa sababu ya sketi. Vijana tukapiga makofi hadi mikono ikawasha. Wazee wakaanza kupiga kelele, vijana nao wakapiga kelele, chifu akawa anapiga meza bure. Mama mmoja alisimama kutaka kusema jinsi anavyoshinda kwenye foleni ya maji. Hakuna aliyemsikiza. Kila upande ulikuwa unasikia utamu wa sauti yake.

Ndipo mzee mmoja akanyoosha bakora yake kwangu. Akasema hiyo miti ni ya baba yangu, niseme mimi.

Nilisimama. Nikasema, "Baba, hiyo miti inakunywa maji ya watoto hata sijawazaa."

Baba alivaa kofia yake. Tulirudi nyumbani, yeye mbele, mama katikati, mimi nyuma. Kwenye lango aligeuka akaniita Wairimu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kusikia jina hilo kutoka kinywani mwake! Alisema, "Wairimu, tafuta pahali ya kulala." Mama alitaka kusema neno, akaangaliwa, akanyamaza.

Nilienda Ruring'u kwa Nyambura, ambaye alikuwa amekodi chumba baada ya kuachana na shamba. Tulilala kitanda kimoja. Tulijifariji kwamba baada ya baraza chifu alikuwa ametukubalia: maafisa wangekuja msimu ukiisha kutia alama ya rangi kwenye kila mti utakaokatwa. Nilijiambia baba atanielewa siku maji yatakaporudi. Nilijiambia mengi.

Wakati huo Muriithi alianza kubadilika. Hakuonekana tena kwenye kitalu. Kulikuwa na mheshimiwa mmoja mtarajiwa, mtu mwenye mashamba ya mikaratusi yasiyo na mwisho, ambaye alikuwa anazunguka akitafuta kura na vijana wenye midomo. Siku moja nikamwona Muriithi na fulana ya mheshimiwa huyo. Nikamuuliza. Akaniambia siasa ni chombo tu, anaingia ndani ili atusaidie kutoka ndani. Maneno matamu... na mimi niliyezoea kumpa maneno sikujua ya kwake mwenyewe yanafananaje.

Halafu mama akanipigia simu akilia kwa furaha. Baba amekubali! Amesema Muriithi alete wazee wake, ruracio ifanyike, mambo ya mahari yazungumzwe na mimi nirudi nyumbani. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya Nyambura nikamshukuru Mungu. Nyambura aliniuliza swali moja tu: kwa nini amekubali ghafla? Nilimkasirikia! Nikamwambia asinionee wivu. Rafiki yangu wa kweli, nikamwambia hivyo.

Siku ya ruracio nilifika nyumbani asubuhi na mapema. Mama hakuwa jikoni. Nilimkuta kwenye chemchemi, amechutama, anakinga maji kwa kikombe na kuyamimina kwenye ndoo. Alikuwa huko tangu giza halijaisha. Alihitaji maji ya uji. Sisi ni watu wa kanisa, kwa hivyo kwetu ruracio haina pombe ya muratina. Tunatumia uji mchachu kwenye kibuyu, lakini maana yake ni ile ile ya zamani: msichana anaulizwa na babake kama wageni wamekubaliwa. Akionja uji na kumpa babake, baba anakunywa, na hapo neno limekwisha. Hakuna anayekunywa kabla yake.

Nilimwona mama amelowa magoti kwa ajili ya uji huo. Nikasema moyoni, mikaratusi ikikatwa mama hatachutama tena hivi.

Wageni walipofika tulifanya ule mchezo mnaoujua. Wasichana kadhaa tulifunikwa leso kutoka kichwani hadi vifundoni, tukapangwa mstari, ili bwana harusi amtafute wake. Akikosea anatozwa faini na watu wanacheka. Nilikuwa katikati. Kulikuwa na joto chini ya leso, na nilikuwa natabasamu peke yangu humo ndani kama mjinga.

Kabla ya kutuchagua, msemaji wao alisimama. Alikuwa mjomba wake Muriithi, Mzee Karanja, mtu wa mzaha mwingi. Hakujua mimi ni yupi kati ya zile leso, na nadhani hakujali.

Alisema, "Sisi hatukukuja mikono mitupu. Hii kijana yetu ishatoa mbuzi ya kwanza. Ile kesi ya maji, alienda kwa chief kama chairman, akasema vijana wamewachana nayo. Miti ya mzee haiguswi tena na mtu. Sasa niambieni, mbuzi kama hiyo mliona wapi?"

Watu walicheka. Nikasikia sauti ya baba, sauti ninayoijua kuliko zote, ikisema kwa furaha, "Hiyo ni mbuzi ya mafuta kabisa!"

Wasomaji wenzangu, nilisimama pale chini ya leso. Nilisikia makofi. Nilisikia mtu akipiga kigelegele! Walikuwa wameketi mahali fulani, baba na mchumba wangu, wakaafikiana. Mmoja alitaka miti yake. Mwingine alitaka kazi kwa mheshimiwa, na mheshimiwa hakutaka kelele za mikaratusi zisikike hadi kwake. Na mimi nilikuwa nini? Mimi nilikuwa karatasi ya kufungia nyama. Chemchemi ya kijiji kizima ilikuwa imetolewa kama mahari yangu, na kila mtu alijua isipokuwa mimi na mama yangu aliyeshinda anakinga matone!

Muriithi akapita kwenye mstari. Alisimama mbele yangu mara moja. Alinijua kwa visigino. Vile visigino vyangu vilivyopasukia kwenye kitalu chake cha kujisifia redioni! Akafunua leso, watu wakashangilia, simu zote zikatuelekea. Nilimuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli. Alikuwa anatabasamu kwa ajili ya picha. Akanijibu bila kuficha meno, "Wacha drama, babe. Tutaongea. Kwani hiyo climate inaisha leo? Mheshimiwa amenishikia kazi, tutaishi poa."

Hakuona aibu. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Kama angeona aibu hata kidogo!

Nikapelekwa mbele ya baba. Nikapewa kibuyu. Baba alinitazama, na macho yake yalikuwa laini kama zamani. Akasema, "Maitu, hawa watu wamekuja kwa heshima. Tunywe?"

Maitu.

Alikuwa ameniita tena. Mnaelewa nilikuwa nimeshika nini mkononi? Tone moja tu mdomoni, na ningepata kila kitu: baba yangu, jina langu la utotoni, bwana, nyumba, amani ya Krismasi. Nilimpenda baba. Bado nampenda, na hilo linanikasirisha zaidi. Nilikuwa nimelala kitanda cha mtu mwingine miezi kadhaa nikililia neno hilo moja. Aliliweka mezani kama chakula, na mimi nilikuwa na njaa.

Aliniuliza tena kama tunywe. Nilisikia harufu ya ule uji. Nikafikiria kumwaga. Nilitaka kumwaga, wallahi, kama wanavyosema wafanyabiashara wa Nanyuki! Lakini nikaona magoti ya mama yaliyolowa. Maji yale yangemwagwaje?

Basi nikageuka. Nilimpita baba na kibuyu, nikaenda nyuma walikoketi wanawake, nikampa mama. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mama, wewe ndiye umekinga haya maji. Kunywa wewe."

Hilo halijawahi kufanyika. Hata watoto walijua halifanyiki. Mama alinitazama, kisha akamtazama baba kule mbele. Mama yangu ni mtu aliyenyamaza maisha yake yote. Alinyamaza hata siku niliyofukuzwa. Alikishika kibuyu kwa mikono miwili. Nilidhani atanirudishia.

Akanywa. Akanywa bila kupumzika, koo lake likipanda na kushuka, mpaka akakiinua juu kabisa. Kisha akakigeuza kuonyesha kuwa hakuna kilichobaki. Alifuta mdomo kwa leso akasema, "Imeisha. Hakuna ya mtu mwingine."

Siwezi kueleza kelele zilizofuata. Mzee Karanja alisema wametukanwa. Wageni waliondoka na mbuzi wao, hata wale waliokuwa wameshafungwa kwenye banda. Muriithi aliniita mwendawazimu mbele ya dada zake. Baba hakupiga mtu, hakupiga kelele. Aliniambia tu kuwa amemzika mama yake mara mbili. Nilielewa. Niliondoka na nguo nilizovaa.

Na mnadhani iliisha hapo? Simu zile! Kufikia jioni video ilikuwa kila mahali. Watu ambao hawajawahi kuikanyaga Nyeri, hawajui chemchemi iko wapi, walikuwa wanabishana kunihusu. Wengine waliandika mimi ni shujaa wa mazingira. Wengine wakaandika ndiyo maana wasichana waliosoma hawaolewi. Mmoja akasema tabianchi ni uongo, mwingine akamtukana mama yake, wa tatu akaweka kicheko. Siku nzima wanarushiana maneno! Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mama yangu alipata maji kesho yake.

Kikundi kilikufa. Si kwa kufukuzwa, kilikufa tu. Vijana waliona mwenyekiti wao ameuza, wakaona wazee wameshinda, wakachoka. Kitalu changu kilikauka, mianzi ikiwa imefika magotini. Wengine wakaenda Nairobi, wengine Kutus kubeba magunia sokoni, na wengine wapo tu kijijini wanakunywa kile kinywaji cha bei rahisi kinachowapofusha. Nyambura, niliyemtukana kuwa ana wivu, alinisamehe. Ndiye aliyenitafutia kazi hii ya Wang'uru. Lakini aliniambia jambo ambalo halijanitoka. Alisema hatazaa. Si kwamba hapendi watoto. Alisema hataki kuleta mtu amuulize maji yalienda wapi, halafu amwambie tuliyauza tukipiga vigelegele. Msichana wa umri wangu! Ninyi wazee mnaocheka kwenye baraza, mnajua mabinti zenu wanaongea hivyo vyumbani?

Chemchemi ilikauka msimu wa pili baada ya ile ruracio. Mama aliniambia kwa simu, bila kulia. Alisema pale palipokuwa na maji pana ufa unaoweza kuingiza mkono.

Sasa sikilizeni. Mnajua ni nani anayepeleka maji kijijini siku hizi? Ni lori la mheshimiwa, lina picha yake kubwa ubavuni. Na anayesimama juu ya lori na kipaza sauti, akiwaambia watu wapange mitungi na wakumbuke walivyosaidiwa, ni Muriithi! Anawaeleza kwamba ukame umezidi kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi. Anatumia sentensi zangu! Neno kwa neno, zile za kwenye kitalu! Na baba yangu, mzee wa kanisa, anasimama kwenye foleni hiyo na mtungi wa njano.

Hata huku Mwea mambo ni yale yale. Mito ya mlima ikipungua, mifereji ya mpunga inapungua, na wakulima wanalaumiana kwa zamu za maji mpaka wanashikana mashati. Mimi nikiwa napima mchele nawasikia mlangoni wakibishana kama tabianchi ni kweli au ni uongo. Nataka niwarushie kikombe cha kupimia!

Mwezi uliopita simu yangu ililia. Nikaona namba ya mama, nikapokea. Alikuwa baba.

Hakusalimu. Alisema, "Maitu, rudi nyumbani." Nilikaa juu ya gunia. Akasema wazee wamezungumza, kuna njia ya kusafisha ile aibu. Nitaletewa kibuyu kingine, nionje mbele yao, nimpe, basi, nitakuwa mtoto wa nyumba tena.

Nilitaka kusema ndiyo. Msinione nina moyo wa chuma. Lakini hasira ilinipanda na nikaiacha ipande. Nikamwambia, "Baba, nikikuja sitashika kibuyu. Nitashika panga. Siku utaniambia nikuje tukate hiyo miti, nakuja hiyo siku."

Nilisikia kuku wa nyumbani kwetu kwenye simu. Kisha baba yangu akasema polepole, "Panga ziko, Maitu. Hata mimi nilishika moja juzi, nguvu ikaisha kwa mti wa kwanza. Ni vijana hawako. Nimetafuta kijana wa kunisaidia kwa hii mteremko yote, hakuna."

Hakuna! Waliwavunja moyo na sasa wanawatafuta!

Nimewaandikia haya nikiwa nimefunga begi. Kesho narudi. Sirudi kwa sababu nimemsamehe mtu. Sijamsamehe mtu yeyote. Narudi na Nyambura, aliyekuja kunichukua, na mapanga mawili tuliyonunua Kutus. Sijui kama ufa ule utatoa maji tena. Wanaojua wanasema inaweza kuchukua miaka, na inaweza kukataa kabisa.

Wazazi, bishaneni na watoto wenu mpaka sauti zikauke, lakini msiwauze ili mshinde ubishi. Mnaweza kushinda na mkabaki na mapanga bila mikono. Na wewe kijana mwenzangu, unayejua jambo la kweli, liseme kwa mdomo wako mwenyewe. Usimpe mtu mwenye sauti nzuri akusemee, kwa kuwa siku akipata mnunuzi atauza sauti, na maneno yako yatakuwa ndani yake. Na dada yangu unayengoja ruracio, siku ukishikishwa kibuyu na kuulizwa kama wanywe, usitazame macho ya baba. Tazama kwanza ni nani aliyeteka maji.

Mama yangu amesema atatungoja chini, kwenye ufa, na kikombe.